Lifti, Bando na Chumba cha Kupanga

Ukishika barabara ya Kilwa kutoka Dar es Salaam, Bungu unaiacha lami, unakata kushoto hadi Nyamisati, na hapo gari linakoma. Kinachofuata ni boti, na boti inasubiri maji. Mbele yako Rufiji imejigawa mikono mingi kabla ya kuingia baharini, katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Wilaya ni Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji muongo mmoja hivi uliopita. Kata za Salale, Msala, Mbuchi, Maparoni na Kiongoroni ziko humo kwenye maji. Watu wake wanalima mpunga, wanavua kamba na kaa, wanakata nguzo, na saa zao zinapangwa na maji kujaa na maji kupwa. Siku za bamvua chombo kinapita mahali ambapo siku za maji mafu kinakwama kwenye tope.

Mtoto wa huko akifaulu darasa la saba, nyumbani kunakuwa na furaha ya siku moja, kisha zinaanza hesabu. Sekondari iko wapi? Kama iko ng'ambo, atavuka na nini, saa ngapi, na maji yakimkatalia kurudi atalala kwa nani? Shule za kata zilitapakaa nchini kuanzia 2004 kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), na waliozipanga walimfikiria mtoto anayekwenda na kurudi kwa miguu. Delta haikuumbwa hivyo. Vijiji viwili vya kata moja vinaweza kuonana kwa macho na bado pakawa na safari ya nusu siku kati yake.

Jibu la wazazi wengi ni kupanga. Wasichana wawili watatu wanatafutiwa chumba karibu na shule, wenyewe wanakiita geto, na mchele unapelekwa kila chombo kinapopatikana. Mlango una komeo la ndani ambalo mtu mzima akisukuma kwa bega linaachia. Choo kiko nje, ng'ambo ya uwanja, na usiku taa ni tochi ya simu kama ipo simu. Msimu wa mpunga mzazi mwenyewe hayupo hata kijijini: amehamia shambani, analala kwenye dungu akiwinga ndege na kukesha na nguruwe pori, kwa sababu usipokesha huvuni. Kwa hiyo binti wa miaka kumi na minne anajipikia, anajiamsha, anajifungia mlango, na mwisho wa wiki anaulizwa maendeleo yake ya hisabati.

Hatari ya msichana huyu mara nyingi huja ikiwa msaada. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike katika sura hii, kwa sababu mikutano mingi ya wazazi niliyoisikia huanza na kuisha kwa kumsema binti: ana tamaa, hasikii, simu imemharibu. Tamaa ya nini? Ya kufika shule kabla ya kengele? Ya kula usiku?

Wa kwanza kusaidia ni mwenye chombo. Upande wa nchi kavu, Bungu, Mjawa, Jaribu Mpakani, huyo ni bodaboda. Kwenye maji ni kijana wa boti. Mazungumzo yake hayana ubaya wowote ukiyasikia kwa mbali.

"Panda nikusogeze, mdogo wangu. Utachelewa."

"Sina nauli, kaka."

"Nani kakuuliza nauli?"

Hiyo ni siku ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa nauli inaulizwa, na haiulizwi kwa shilingi. Watu wa rika langu wanakumbuka kampeni ya redio ya Fataki, iliyomchora mtu mzima mwenye kitambi na fedha anayewarubuni wasichana wa shule. Ilisaidia, maana wanaume wa namna hiyo walipata jina la kuzomewa. Lakini fataki wa delta mara nyingi hana kitambi wala gari. Ana miaka ishirini na kitu, anaendesha pikipiki ya mkataba ambayo si yake, anadaiwa hesabu kila jioni, na pengine aliacha shule ileile anayowapeleka mabinti. Ukimsubiri mzee wa kwenye redio, huyu anakupita.

Wa pili ni mwenye chumba, au jirani wa chumba, au yule anayejitolea kulipa kodi ya mwezi mmoja mzazi akikwama. Huyu sina haja ya kumweleza sana. Kila aliyewahi kupanga geto anamjua.

Wa tatu yumo ndani ya simu, na hapa tukae kidogo, kwa sababu wazazi wengi wa delta wanadhani mambo ya mtandaoni ni ya mabinti wa Masaki. Minara imefika kabla ya mabweni. Kijiji kisicho na umeme wa gridi kina kibanda cha sola cha kuchajisha simu, na simu janja ya mtumba haina bei ya kumshinda kijana aliyeuza kamba vizuri wiki mbili. Binti asiye na simu anaazima ya kaka, ya rafiki, au anapewa.

Iangalie hiyo ya kupewa. Laini Tanzania inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na binti wa miaka kumi na tano kwa kawaida hana namba hiyo. Kwa hiyo laini iliyo ndani ya simu ya zawadi imesajiliwa kwa jina la aliyeitoa. Binti anaona amepewa simu. Kilichotokea ni kwamba amepewa nyumba ambayo ufunguo wa pili anao aliyempa. Mwanaume huyo akisema laini imepotea, anarudishiwa namba ileile kwa wakala, na akaunti ya WhatsApp iliyofunguliwa kwa namba hiyo inahamia kwake. Mzazi anayetaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake anabonyeza *106#. Ya binti haitaonekana humo kama si mzazi aliyeisajili, na hilo peke yake ni jibu.

Kinachofuata kina mwendo unaofanana mno kila mahali. Jioni ya kwanza: "Umekula?" "Bado." "Nakurushia buku, kanunue chipsi." Ya pili: "Nimekuwekea bando la wiki, uwe hewani." Ya tano au ya sita: "Nitumie picha." Anatuma ya sare ya shule. "Si hiyo. Ya peke yetu." Halafu, siku binti anapochoka au anapoambiwa akutane na mtu mahali na hataki: "Basi naiweka kwenye grupu. Mama yako yumo, mwalimu wako yumo." Bando lililotolewa bure sasa lina bei, na anayedai ndiye anayeipanga.

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walipatwa na aina nzito za unyanyasaji wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, sawa na watoto wapatao 200,000. Wakosaji mara nyingi walikuwa watu ambao mtoto anawafahamu. Kwa hiyo lile onyo la "usiongee na usiowajua" linamlinda binti na Mnigeria wa kufikirika huku kijana wa boti ana namba yake.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, inampa anayesambaza picha za ngono za mtoto faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinahusu kumsumbua na kumtisha mtu kwa njia ya mtandao. Lakini kesi ya aina hii inasimama kwa ushahidi, na ushahidi uko ndani ya simu ambayo baba, kwa hasira ya haki kabisa, ameipigiza kwenye gogo la mnazi. Nawaomba wazazi jambo moja gumu: simu isivunjwe, ujumbe usifutwe, namba iandikwe kwenye karatasi pembeni, na picha yenyewe isirushwe kwa mjomba wala shangazi "waone wenyewe", maana anayeirusha naye anaisambaza. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bila malipo. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Kutoka Kiongoroni kumfikia mmojawapo ana kwa ana ni boti tena, na wakati mwingine mwenye boti ni binamu wa mshtakiwa.

Kuna anayeuliza hapa: makungwi wako wapi? Kwa Wandengereko, na Pwani kwa jumla, binti akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo, anawekwa ndani, anafundwa, kisha anatolewa kwa ngoma. Wanaharakati wa mjini wanautaja unyago huu kama chanzo cha mimba za utotoni, kwamba mtoto wa miaka kumi na mbili anafundishwa mambo ya kitandani halafu anarudishwa darasani. Hoja ina ukweli wake, hasa pale mafunzo yaliyokuwa ya miezi yanapobanwa yaingie kwenye likizo ya Desemba, na binti anapotolewa akiwa amechezewa ngoma ya kumtangaza mtu mzima. Ila mimi siungani na wanaotaka upigwe marufuku. Somo ni mtu mzima wa kike, si mama mzazi, ambaye binti anaruhusiwa kumwambia mambo ya mwili wake bila kupigwa. Serikali imeweka mwalimu wa malezi shuleni kwa kazi hiyohiyo na mara nyingi ni mwalimu huyohuyo anayeshika fimbo. Makungwi wa Kibiti wanaweza kukaa chini na nesi wa zahanati wakakubaliana nini kifundishwe kwa nani na kwa umri gani. Ni wanawake wa kijiji kimoja, wengine ni mtu na wifi yake.

Sasa tuje kwenye mimba yenyewe. Takwimu za taifa zinaonyesha nafuu: mwaka 2015/16, wasichana 27 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana ujauzito, utafiti wa 2022 uliwakuta 22. Bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Kwa miaka mingi kilichomtoa binti shuleni kilikuwa ni desturi iliyovaa kanzu ya sheria. Kanuni za 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kufunga ndoa. Mimba haikutajwa, lakini walimu wakuu waliisoma humo. Shule nyingi zikazoea kuwapima wasichana: wanapangwa foleni, wanapewa vikopo vya mkojo, na anayekutwa na ujauzito anaondoka siku hiyohiyo, wakati mwingine kabla mama yake hajajua.

Halafu ikaja Juni 2017. Nchi nzima ilikuwa inaitazama Pwani kwa sababu ya mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi katika Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Mwezi huohuo, katika mkoa huohuo, Rais John Magufuli alisema kwenye mkutano wa hadhara Chalinze kwamba katika utawala wake msichana aliyezaa hatarudi shule. Kauli ya rais ilifunga hata zile nafasi chache ambazo mwalimu mkuu mwenye huruma alikuwa akizitumia kimyakimya. Mkopo wa Benki ya Dunia kwa sekondari ukaingia kwenye mabishano, ukapitishwa Machi 2020 kwa dola milioni 500 chini ya mradi wa SEQUIP, pamoja na njia mbadala: binti asome kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kidato cha kwanza hadi cha nne kwa miaka miwili. Njia hiyo si mbaya kwa mwenye miaka kumi na tisa aliyekwisha kuwa na shughuli zake. Kwa mtoto wa kumi na tano ilikuwa ni kumwondoa machoni.

Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba waliokatiza masomo, pamoja na waliopata ujauzito, wanarudi kwenye shule za kawaida, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa Mwaka 2021 ukatoka. Kenya ilikuwa na sera ya namna hiyo tangu 1994. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua, katika shauri lililofunguliwa 2019 na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao wa Center for Reproductive Rights, kwamba Tanzania ilikiuka haki za wasichana kwa kuwapima kwa lazima na kuwafukuza. Waraka ni jambo kubwa, ila waraka si sheria, na kwa kutoka kwake haukufuta kanuni za 2002. Mwalimu mkuu anayetaka kusumbua bado ana karatasi ya zamani ya kushika.

Na mwanaume? Marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Elimu yanampa miaka 30 jela anayempa mimba mwanafunzi au kumuoa. Kubaka, na chini ya miaka 18 ridhaa haihesabiki, kuna adhabu nzito tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kwenye karatasi Tanzania ni kali. Katika kijiji, miaka 30 inamtisha shahidi kuliko inavyomtisha mshtakiwa. Mtuhumiwa ni mtoto wa shangazi, au ndiye anayewapa samaki kwa mkopo, na binti mwenyewe hataki kuambiwa amemfunga baba wa mtoto wake. Wazee wanakaa kibarazani, wanayamaliza: fedha kidogo, khanga, ahadi, wakati mwingine ndoa ya mkeka. Mtendaji anaambiwa binti amehamia kwa shangazi yake Mbagala. Kijana anavuka kwenda Mafia kuvua, na baada ya msimu mmoja hakuna anayemtafuta. Hata kesi ikifika mahakamani kuna tatizo lingine dogo la kuudhi: umri lazima uthibitishwe. Cheti cha kuzaliwa hakipo, kadi ya kliniki ilienda na maji, na wakili wa upande wa pili anajua kabisa kwamba rufaa zimewahi kushinda kwa kasoro hiyo peke yake.

Ndoa nayo ina mlango wake wa nyuma. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono Oktoba 2019, ikitaka irekebishwe. Kabla haijarekebishwa, pamoja na ile ya elimu, matokeo yake kwa mzazi mwenye haraka ni haya: akiwa mwanafunzi haozeki, akiacha shule anaozeka. Ndiyo maana katika ukanda huu, hadi Lindi na Mtwara, kuna mabinti wanaoambiwa wakaandike madudu kwenye mtihani wa darasa la saba.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalizidisha yote haya kwa pamoja. Maji ya Rufiji yaliingia mashambani na majumbani katika Rufiji na Kibiti, mpunga ukaoza, na familia zikahamia kwenye makambi. Mzazi aliyekuwa analipia chumba kwa kuuza mpunga hakuwa na cha kuuza.

Wavulana nao wanatoka shuleni, ila hakuna anayewapanga foleni. Mvulana wa miaka kumi na sita akianza kuingia baharini na wavuvi wa kamba au akapata pikipiki ya mkataba, kijiji kinamwita anayejitafutia, na daftari la mahudhurio linamwandika mtoro. Wachache wao ndio hao watakaosimamisha pikipiki kando ya njia baada ya miaka mitano. Kumzuia huyu asiache shule ni sehemu ya kumlinda dada yake, na sijaona mpango wa wilaya unaowaweka kwenye ukurasa mmoja.

Sasa kurudi shuleni kwenyewe: tuseme binti amejifungua Mei na Januari anataka kidato cha pili. Mtoto ana miezi minane, ananyonya. Anayembeba akiwa darasani karibu siku zote ni bibi, kwa hiyo kama bibi yupo kijijini na shule iko ng'ambo, maziwa yanakaa kifuani hadi jioni na sare inalowa mbele ya darasa zima. Akienda na mtoto geto, anahitaji wa kumshikia na mahali pa kuoshea nepi. Waraka hausemi wa kumshikia atalipwa na nani. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 hadi kidato cha nne na kuongezwa hadi cha sita Julai 2022, iliondoa ada. Nauli ya boti, kodi ya chumba na mchele wa wiki vilibaki palepale vilipokuwa.

Siku ya kurudi, mazungumzo ofisini huwa mafupi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu huyu, nimemrudisha."

"Mtoto kabaki na nani?"

"Nipo mimi. Ila mwalimu, maji yakiwa mafu chombo hakitoki mpaka saa nne. Mtampiga?"

Mwalimu mkuu anasema hapigwi. Lakini anayesimama getini asubuhi ni mwalimu wa zamu, na wa Jumatatu si wa Jumanne.